Yah: Saa Kumi za Nuhu

Nilisema, "Nataka saa kumi."
Bwana Mhina akatazama ukutani.
"Saa kumi, mama? Saa kumi hutatukuta.
Tisa na nusu tunafunga."

Si saa ya mshale, nikamwambia.
Saa kumi za wiki, mbili kila siku,
mtu mzima aketi ubavuni mwa Nuhu,
amshikie kidole chini ya mstari,
amnong'oneze kwamba kengele inakuja
kabla ile rimu ya lori haijagongwa.

Akaandika 10. Akaizungushia duara
bila kuinua kichwa.

Darasani wapo tisini na wanne.
Tisini na watatu husimama mwalimu akiingia.
Mmoja yuko chini ya dawati,
viganja masikioni.
*Mtundu*, iliandika ripoti ya muhula wa kwanza.
*Mtoro*, ya muhula wa pili.
Mtoro wa wapi, naye yumo humo humo?

Mwanangu huyu
anazijua baiskeli zote za barabara ya kumi na tatu
kwa masikio tu.
Yenye mnyororo mkavu ni ya mzee Sengasu,
inayolia kengele mara mbili ni ya muuza mkate,
na yangu, inayogonga pedeli ya kushoto,
huisikia ningali kona ya msikiti;
nikifika, mlango u wazi.
Hayo niyaandike wapi?
Fomu ina mstari mmoja, AINA YA ULEMAVU,
mfupi kuliko jina langu.

Barua ya kwanza niliiandika usiku,
vidole vimenyauka kwa sabuni ya Bombo:
shuka mia na ishirini kwa zamu,
na damu za watu nisiowajua.
Wakasema, leta cheti cha daktari.
Nikaleta. Hakina mhuri.
Nikarudi. Mwenye mhuri kaenda Muheza, kafiwa.
Barua ya pili iliingia faili la Nuhu mwingine,
wa Pongwe, aliyeombewa miwani.
Natumaini aliipata.
Natumaini hawakumpa na saa zetu.

Shemeji akasema, "Mpeleke kwa fundi baiskeli.
Shule si ya kila mtu."
Usiku ule nililala na neno lake, nikaliona tamu.
Alfajiri nikakumbuka:
hata fundi husoma namba ya tairi.

Mara ya tatu nilimpakia kwenye keria, tukaenda wote.
Bwana Mhina akafungua daftari:
mwalimu wa elimu maalumu ni mmoja,
shule ni tatu,
usafiri ni wake mwenyewe.
Nuhu alikuwa chini ya meza, kati ya viatu vyetu.
Nje, kitu kikakwaruza changarawe.
"Breki ya nyuma imeisha," akasema Nuhu,
sentensi ya kwanza tangu asubuhi.

Akaingia Mwalimu Semkiwa, jasho hadi kwenye mkoba.
"Nani kakwambia?"
Hakungoja jibu. Alichuchumaa,
akaingiza kichwa chini ya meza ya serikali,
wakazungumza breki.
Mimi na Bwana Mhina tukabaki juu,
kama wageni waliokosea nyumba.

Tulipewa saa sita.
Jumatatu, Jumanne, Alhamisi.
Saa sita: jua la utosi,
kivuli chako umekikanyaga mwenyewe.
Nilisaini. Nilisema ahsante, na nilimaanisha.

Sasa anaandika *Nuhu*, N imegeukia nyuma.
Anaandika *breki*.
Alhamisi iliyopita rimu iligongwa
naye akabaki kwenye benchi, macho kayafumba,
mkono wa Semkiwa mgongoni.

Lakini leo ni Jumatano.
Jumatano yuko chini ya dawati,
anasikiliza barabara.

Nami nimeazima kalamu ya nesi wa zamu,
nimegeuza karatasi ya hesabu ya shuka,
naandika:

YAH: SAA NNE ZILIZOBAKI.
Tafadhali, msitazame ukutani.